Gari Lenye Pembe

Lodwar, Jumapili 21 Januari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Ejok! Nakusalimu kama watu wa hapa, maana siku hizi hata ndotoni naamkiwa hivyo. Mimi sijambo na masomo ya ufundi yanaendelea. Josiane, yule Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Kanamkemer, anakusalimu na anauliza kama bado umeikataa simu. Nimemwambia mjomba wangu alijifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka hamsini na mbili, kwa Kiswahili, katika darasa la watu wazima pale Kakuma, na hataki jasho lote hilo lipotee bure. Kwa hiyo barua zitaendelea kupanda magari ya abiria. Na mkeo Mama Akech, goti lake linaendeleaje?

Sasa sikiliza. Katika gereji ninakofanyia mazoezi kuna kijana mteja anaitwa Ekiru. Ana saluni nyeupe, gari la kawaida kabisa, la kubebea walimu na wagonjwa hapa mjini. Alikuja na picha kwenye simu, akasema, "Nataka tairi zangu zilale hivi." Fundi Amuria, mwenye gereji, alikuwa amekwenda Kitale kutafuta vipuri. Nikamwambia Ekiru nitajaribu.

Siku tatu, Mjomba! Nilikata mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma, nikaifupisha, nikaichomelea upya. Pembe zake nilipima kwa kile kipimo cha nusu duara cha seti ya hesabu uliyoninunulia darasa la saba, na uzi wenye nati ya kuuvuta chini. Digrii kumi na mbili kila upande. Tuliposhusha jeki, gari likachuchumaa na magurudumu ya nyuma yakalala. Chuma kile kile, matairi yale yale, lakini sasa lilikuwa limesimama kama linajijua kwamba linatazamwa.

Ekiru alipotoka nalo barabarani, bodaboda zilisimama. Mama wa mboga aliacha mizani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Nani amefanya hii kitu?" na Ekiru akanionyesha mimi kwa kidole. Tangu siku hiyo mji mzima unaniita fundi.

Fundi Amuria aliporudi alilizunguka mara mbili. Akasema, "Kazi safi. Mtu akiuliza nani alifanya, useme ni wewe." Sijui alinisifu au vipi.

Ni mimi mtoto wako,
Ayen


Kakuma, 9 Februari 2024

Kwa Ayen, fundi wa Lodwar,

Salamu nyingi, na zingine juu yake. Sisi wazima. Goti la Mama Akech limepona siku ya mgao wa chakula na likaugua tena siku ya kuchota maji. Mvua hakuna.

Barua yako imetutia aibu mbele ya Mungu, nawe ndiye uliyesababisha. Uliandika "magurudumu yakalala." Nikasoma mara mbili. Nikamsomea Mama Akech, naye akasema, "Maskini, gari limekufa." Darasani mwalimu alitufundisha kulala ni usingizi, na mgonjwa akilala sana tunajua anakoelekea. Jumapili tukaliombea. Ndiyo, gari la Mturkana nisiyemjua limetajwa kanisani katika maombi ya wagonjwa, kati ya mzee Awan na mtoto wa Nyagoa.

Mayen, yule anayetengeneza baiskeli, alikuwa kwenye kiti cha nyuma yangu. Baada ya ibada akanivuta kando huku anakufa kwa kicheko. Akavua sandali zake, akazisimamisha mchangani, akaziinamisha vichwa vyake vikaelekeana. "Ndivyo yanavyolala, mzee." Nikamuuliza, "Yamevunjika?" Akasema hapana. Nikamuuliza, "Yanabeba zaidi? Yanakimbia zaidi?" Akasema hapana, yanafanya vibaya zaidi. "Sasa wameyapinda kwa nini?" Akasema, "Kwa uzuri tu."

Ayen, nilisimama pale juani kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Wewe ulizaliwa hapa kambini, ukimbizini, hujaona. Kijana wa kwetu akipewa dume lake la ng'ombe, analipinda pembe. Anaikata mshazari kwa mkuki, anasubiri miezi, anakata tena, na pembe inakua kufuata mkono wake. Haimwongezei dume nguvu. Haimwongezei nyama. Ni uzuri tu, na mtu anautembeza mbele ya watu akiimba. Mimi nilikuwa na Makuei, mweusi mwenye kichwa cheupe. Pembe ya kushoto niliipeleka mbele, ya kulia niliishusha ikazunguka shavu lake. Watu walikuja kutoka kambi mbili za ng'ombe kumtazama. Nilidhani jambo hilo limekwisha duniani. Kumbe linaendelea Lodwar, tena kwa mkono wa mtoto wa dada yangu!

Niandikie zaidi. Andika kila kitu.

Mjomba wako,
Dhieu


Lodwar, 3 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama Akech, na pole kwa mtoto wa Nyagoa. Hapa joto limezidi hata Mungu anajua. Josiane amepata kazi ya kusuka nywele karibu na soko.

Nilimsomea Ekiru barua yako yote. Akasema, "Sisi pia tunafanya hivyo. Babu yangu alikuwa na dume la namna hiyo, hata jina alikuwa anaitwa kwa hilo dume." Kesho yake akachora pembe mbili kwenye kioo cha nyuma, ya kushoto imekwenda mbele na ya kulia imeshuka. Sasa watu wanaliita gari lenye pembe. Mjomba, Makuei anazunguka Lodwar!

Uliniambia niandike kila kitu. Wiki hii Fundi Amuria alinionyesha jambo. Alichukua gari jingine, la magurudumu wima, akamwaga maji sakafuni kuzunguka tairi, kisha tukalisukuma. Palipobaki pakavu ndipo tairi lilipokuwa limegusa. Akaniambia niweke kiganja. Kiganja changu kikapafunika karibu chote. Hebu fikiria. Gari zima, watu watano na magunia yao, kwa mwendo ule wote, linaishika dunia kwa viganja vinne tu! Nimekaa gereji mwaka mzima sikujua. Siku hiyo kila gari lililopita nilikuwa nalitazama kwa heshima.

Halafu akafanya hivyo hivyo kwa gari la Ekiru. Nyuma palibaki ukanda mwembamba, upana wa vidole viwili. Nilicheka kwa kustaajabu. Yeye hakucheka.

Ni kweli kwamba linakula tairi upande wa ndani, na kwenye mchanga linatangatanga kidogo, na breki zinataka uanze mapema. Ekiru ameshazoea.

Habari kubwa: vyeti vyetu vinatolewa Agosti. Ekiru anasema atakuja mwenyewe Kakuma kukuchukua na gari lenye pembe, bure, kwa heshima. Anza kuomba kibali cha kutoka kambini mapema.

Hujaniambia mwisho wa Makuei. Alipotelea vitani?

Ayen wako


Kakuma, 24 Machi 2024

Mpendwa Ayen,

Tunakusalimu sote. Mvua imenyesha siku moja ikabomoa choo, sasa tunamshukuru Mungu kwa uangalifu.

Nimeomba kibali. Karani aliniuliza sababu ya safari, nikamwambia kwa sauti ili foleni nzima isikie: "Mtoto wangu anapewa cheti cha ufundi wa magari." Nyuma yangu watu walipiga makofi. Mama Akech amefua lile shati langu la mistari mara mbili, na bado ni Machi.

Mwambie Ekiru kwamba mimi nakaa mbele. Nataka kupita mbele ya kituo cha mabasi hapa Kakuma polepole, kioo kimeshushwa. Viganja vinne nimewasimulia watu wote, hakuna anayeamini. Mayen amejaribu kwa baiskeli yake akakuta kidole gumba kimoja tu, na tangu hapo anaendesha kama amebeba mayai.

Neno moja. Umeandika kwamba linakula tairi upande wa ndani. Ndani ni chini ya gari. Nani anaona huko?

Kuhusu Makuei tutazungumza siku nyingine.

Mjomba wako,
Dhieu


Kakuma, 12 Mei 2024

Ayen,

Salamu. Sisi wazima.

Wiki saba. Madereva watatu nimewasimamisha, wote mikono mitupu. Mmoja ameanza kuniambia "hakuna, mzee" kabla sijafungua mdomo. Mama Akech anasema una mitihani. Nami nasema mtihani hauzuii mtu kuandika "nipo."

Andika "nipo."

Dhieu


Lodwar, 2 Juni 2024

Mjomba mpendwa sana,

Nakusalimia sana, pamoja na Mama Akech na jamaa yote. Mimi niko muzuri, usiwaze. Masomo inaendelea muzuri. Nilikuwa na kazi mingi, ndiyo maana sikuandika.

Kwa safari ya Agosti, afazali ukuje na basi. Basi iko na nafasi na inafika mbio. Usingojee gari ya Ekiru.

Mungu akulinde.

Ayen


Kakuma, 10 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu kwako. Na salamu kwa Josiane, ambaye ana mwandiko mzuri kuliko wako na Kiswahili cha Kongo. Mwambie asante kwa kujitahidi. "Niko muzuri" nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea.

Sitakuuliza mkono wako umefanya nini. Uliniuliza jambo mwezi wa tatu nikakukwepa, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusema. Nimeandika barua hii mara nne. Hii ya nne itatumwa hata ikiwa mbaya.

Wewe ulidhani ni vita. Nilikuacha udhani, kwa sababu hapa kambini kila kilichopotea kinawekwa juu ya vita na hakuna anayeuliza zaidi. Makuei hakuchukuliwa na vita. Ile pembe ya kulia, niliyoishusha izunguke shavu, haikusimama nilipotaka isimame. Pembe inakua kila siku, mtu akilala inakua. Mama yako, alikuwa binti mdogo wakati huo, ndiye aliyekuwa akikamua ng'ombe waliofungwa upande ule, na kila asubuhi aliniambia: "Dhieu, imebaki upana wa kidole kufika jichoni. Kata." Kukata ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Lakini nikikata ncha, mzunguko unaharibika, na ilikuwa karibu na ngoma kubwa. Watu walikuwa wanakuja kutoka mbali. Nikamwambia nitakata baada ya ngoma.

Ayen, siku ya ngoma alikuwa mzuri sana. Sijaona kitu kizuri kama yule mnyama siku ile, na nimeona mengi. Alikuwa akitupa kichwa, watu wakashangilia wakidhani anacheza. Mimi nilijua hachezi. Niliendelea kuimba.

Asubuhi yake pembe ilikuwa imeingia jichoni. Nilimchoma mkuki mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyestahili kazi hiyo. Tangu siku ile sijaimba, wala kanisani. Mama Akech hudhani sina sauti.

Hilo ndilo langu. Sasa nangoja lako.

Dhieu


Lodwar, 30 Juni 2024

Mjomba,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Samahani kwa mistari kupanda mlima.

Nimelia kwa ajili ya Makuei. Josiane amelia pia.

Ilikuwa tarehe 13 Aprili, njia ya Kalokol. Ekiru anaendesha, walimu wawili na mimi. Tulikuwa tunakwenda kuchukua samaki. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Gari lilizunguka mara mbili, likatoka lami, likaingia mchangani, likasimama likitazama tulikotoka. Hakuna aliyekufa. Mwalimu mmoja alipasuka paji la uso. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Nimetolewa plasta juzi.

Hiyo siyo sehemu niliyokuwa nakuficha.

Siku moja kabla, niliingia chini ya gari na kioo kidogo. Kwa nje tairi lilikuwa jipya kabisa, hata vinyweleo vyake vya mpira vya dukani vilikuwepo. Kwa ndani mpira ulikuwa umekwisha. Niliona nyuzi za chuma zikimetameta. Nikamwambia Ekiru. Akasema, "Wacha tumalize Jumamosi, Jumatatu tunabadilisha." Nje kulikuwa na watu wanalipiga picha. Mmoja akaniita, "Fundi, simama kando yake!" Nikasema sawa. Nikasimama kando yake nikapigwa picha, Mjomba, na nyuzi zile nimeziona. Nilicheka vizuri kabisa kwenye hiyo picha.

Sasa watu wote wanasema tairi lilikuwa bovu. Ekiru anasema hivyo, hata mwalimu aliyeshonwa anasema hivyo. Nami nimenyamaza. Ekiru amenunua matairi mapya na anataka nilaze zaidi, digrii kumi na tano, kabla ya Agosti, ili uje kwa fahari. Nikimwambia ni kazi yangu iliyokula tairi, na hata haya mapya yataliwa, jina langu hapa limekwisha. Na Fundi Amuria ndiye anayesaini karatasi ya mazoezi. Bila sahihi yake hakuna cheti.

Njoo na basi. Tafadhali.

Ayen


Kakuma, 7 Julai 2024

Ayen,

Salamu. Mkono wa kushoto umeandika vizuri kuliko wa kulia ulivyowahi, maana umesema kweli.

Kibali kimetoka. Kinaanza tarehe 7 Agosti. Basi sitapanda. Nilikubali mwaliko wa Ekiru mbele ya foleni nzima, na nitapanda gari lake, kwa magurudumu yoyote utakayokuwa umemwekea.

Sikuambii ufanye nini. Mimi niliambiwa kila asubuhi na haikusaidia. Nakuambia tu nitakaa kiti gani: cha mbele, kushoto.

Mjomba wako anayekupenda,
Dhieu


Lodwar, 5 Agosti 2024

Mjomba,

Mungu akipenda barua hii itakufikia kwa mkono wa Ekiru mwenyewe, maana nimechelewa kuandika na dereva wa asubuhi ameniacha.

Barua yako ilinikasirisha. Nilimwambia Josiane mjomba wangu ni mkaidi, ni mtu wa kutisha watoto. Nikakaa na hasira wiki mbili. Kila nikishika funguo za boliti nakuona umekaa pale mbele na shati la mistari.

Jumatano iliyopita nikalichukua lile tairi lililopasuka, Ekiru alikuwa amelitupa nyuma ya gereji. Nikalikata, nikaligeuza ndani nje, nikaliweka juu ya meza mbele yake na mbele ya Fundi Amuria. Nikasema, "Hakuna tairi bovu hapa. Ni mimi." Nikasema na kuhusu kioo, na picha, na siku ile ya kabla. Ekiru alipitisha kidole kwenye zile nyuzi. Akajichoma. Akaifuta damu kwenye suruali, akasema, "Na mimi nilikuambia Jumatatu." Halafu akatoka nje, akarudi baada ya saa nzima. "Inua gari," akasema.

Mkono wangu bado hauna nguvu, kwa hiyo Ekiru mwenyewe alilala chini, nami nikamwelekeza boliti kwa boliti. Mikono mingine ya chuma, mirefu ya kiwandani, Fundi Amuria alikuwa ameihifadhi juu ya kabati tangu Januari. Aliiteremsha mwenyewe. Tulipomwaga maji, palibaki viganja vinne, nami nikaviwekea mkono kimoja kimoja kama mwendawazimu. Uzuri wake sitausahau, Mjomba, sitakudanganya kwamba sikuuonea huruma. Lakini nilipoona sakafu kavu chini ya kila gurudumu niliruka kwa furaha.

Watu hawalipigi picha tena. Mtu mmoja jana aliniuliza, "Fundi, mbona umeiharibu?" Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi."

Fundi Amuria amesaini. Aliandika chini ya jina langu kwa kalamu: "Anaweza kuachiwa gereji." Nimeisoma mpaka nimeikariri.

Nakungoja.
Ayen


Kakuma, 20 Agosti 2024

Mwanangu Ayen, mwenye cheti,

Salamu kutoka kwetu sote. Nimefika salama, samaki ulionipa hawakuoza, Mama Akech amewagawa mpaka mkia. Anakushukuru.

Ulipokuwa hapo mbele ya watu na lile joho sikutaka kusema haya, na baadaye mlikuwa mnakula na kucheka. Kwa hiyo nayaandika.

Asubuhi ile Ekiru alikuja kunichukua, sikuwa nimepata barua yako. Ilikuwa mfukoni mwake. Nilisimama barabarani tangu saa kumi na mbili. Kabla ya kutoka nilimpa Mama Akech kadi ya chakula, nikamwonyesha alipo yule mtu anayenihifadhia mabati, nikamwambia mahali pa kila kitu. Akaniuliza, "Unakwenda siku nne, mbona unaaga hivi?" Nikamwambia mtu mzima hupanga mambo yake. Sikujua utakuwa umefanya nini. Nakuambia kweli, nilidhani hujafanya.

Nilikuwa naangalia magurudumu tu, siangalii nyuso. Ikaja saluni nyeupe, magurudumu wima, nikaiacha ipite. Ikapiga honi. Nikaipungia mkono iende. Ikarudi kinyumenyume mpaka miguuni pangu, na kijana akatoa kichwa akasema, "Ejok, mzee, ni mimi Ekiru. Ingia." Nikamwambia umekosea, mimi nangoja gari la mtoto wangu. Akasema, "Ndilo hili."

Nikainama nikatazama moja moja, yote manne. Niliweka kiganja changu chini ya lile la nyuma kushoto, pale kando ya barabara, wapita njia wakidhani mzee ameangusha kitu.

Halafu nikaingia nikakaa. Tulipita kituo cha mabasi polepole, kioo kimeshushwa, kama nilivyotaka. Hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar, kilomita mia na ushee, hakuna aliyegeuka kututazama. Na karibu na mwisho wa safari Ekiru akaniuliza, "Mzee, ni wimbo gani huo?" Ndipo nilipojua naimba.

Mjomba wako,
Dhieu